Barua ya shukrani baada ya usaili: iandikwe au iachwe?

Muulizaji, Ngamiani, Tanga: Ndugu zangu, jana nilifanyiwa usaili wa ukarani wa ghala katika kampuni binafsi karibu na bandari. Kaka yangu aliyeko Marekani ananihimiza niwaandikie barua pepe ya shukrani ndani ya saa 24, kama ilivyo desturi huko, lakini nachelea wasije wakaniona najipendekeza.

Jibu: Andika, mdogo wangu, maana mistari minne haimchoshi mtu. Shukuru kwa muda wao, kisha utaje jambo moja mlilolizungumza. Mimi niliandika: “Nimeendelea kulitafakari swali lenu kuhusu marobota ya mkonge yaliyolowa mvua, na naona yangetengwa kabla ya kuhesabiwa.” Mshahara usiuguse kabisa.

Jibu: Ungekuwa usaili wa kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira ningekwambia usijisumbue, kwa kuwa huko zinazoamua ni alama, na matokeo hutangazwa tovutini. Kampuni binafsi ni jambo jingine. Ila usimtumie meneja ujumbe wa WhatsApp usiku. Hilo ndilo kujipendekeza kwenyewe.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeituma asubuhi hii, baada ya kuifuta “shikamoo” niliyoianzia na kuandika “Ndugu Meneja”.