Kikao kuisha si siku kuisha! Waendesha mchezo wa Kisumu, mnawaonea wapiganaji

Jameni, acha niseme maana yamenifika kooni. Mwendesha mchezo wa meza yetu ya Dungeons and Dragons, ule mchezo wa dadu ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake na mwendesha mchezo anasimulia na kuamua sheria, ametangaza kwenye grupu kwamba kuanzia Jumamosi hii mpiganaji, mhusika wa silaha kama wangu, hana tena lile tendo la ziada katika zamu moja, eti linaharibu usawa. Mchawi je? Hakuguswa hata ukucha.

Wacha niwaeleze tunavyocheza. Tunaanza saa nane mchana hapa Milimani, na ikikaribia saa kumi na moja watu wa Maseno na Kakamega tayari wanawaza matatu. Hiyo naielewa kabisa. Ndiyo maana kila kikao kinabeba pambano moja tu, tena kubwa. Kinachoniudhi ni kinachofuata: tukifunga vitabu, mwendesha mchezo anasema "mmelala, mmeamka", na Jumamosi ya pili mchawi anafika uchawi wake umejaa tena pomoni, maana kulala ndiko kunakourudisha.

Sasa tupige hesabu, Dungeons & Dragons toleo la tano, vitabu vya 2014, maana ndivyo tunavyotumia. Mchawi wa leveli ya 5 ana nafasi 4 za uchawi wa daraja la kwanza, 3 za la pili na 2 za la tatu, na kila uchawi anaorusha unakula nafasi moja. Mpira wa moto ni wa daraja la tatu. Unarusha dadu 8 za nyuso sita, wastani unakata uhai wa 28, na unamchoma kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale ulipopasukia. Hata aliyewahi kukwepa anakula nusu. Goblini wa kawaida, kale kazimwi kadogo, ana uhai wa 7! Mimi na upanga wangu wa mikono miwili napiga mara mbili kwa zamu, wastani 11 kila pigo, na hapo ni kama dadu ya nyuso ishirini, ile inayoamua kama pigo limempata adui, imekubali mara zote mbili. Ukiwa na pambano moja kwa siku, mchawi anamwaga kila kitu bila kuwaza kesho. Nani atamfikia?

Lakini mchezo haukupangwa hivyo. Nafasi zikimwishia, anabaki na kishale cha moto, uchawi mdogo usiokula nafasi: dadu 2 za nyuso kumi, wastani 11, mara moja kwa zamu. Hapo ndipo mpiganaji anastahili kuonekana. Tendo langu la ziada linarudi kwa pumziko fupi la saa moja. Yeye, ukiondoa nafasi chache anazoweza kurudisha mara moja kwa siku, lazima asubiri pumziko refu la masaa manane, na pumziko hilo halimfai mtu zaidi ya mara moja ndani ya masaa 24. Kitabu cha waendesha mchezo cha 2014 kinataja mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kwa siku moja ya mchezoni. Usawa wote umejengwa juu ya siku ndefu. Ukiifupisha siku, umeshamchagua mshindi, halafu unanikata mimi mkono!

Na si kulala kawaida. Jumamosi iliyopita tulikuwa katikati ya pango la adui, mlango tumeuvunja, kelele zimesikika kila kona, na bado tukalala hapo hapo masaa manane. Hakuna mlinzi hata mmoja aliyekuja kuchungulia.

Nilipouliza nikaambiwa mapambano sita hayawezi kuisha ndani ya masaa matatu. Nani amesema yaishe Jumamosi moja? Andika kwenye karatasi nafasi zilizotumika na uhai uliobaki, piga picha na simu, wiki ijayo tuendelee na mchana ule ule wa mchezoni. Ni kazi ya dakika mbili.

Najua kuna atakayeniambia nihamie toleo la nne la 2008, ambapo karibu kila mhusika alikuwa na nguvu za wakati wowote, za kila pambano na za mara moja kwa siku. Sitaki. Napenda mpiganaji awe mpiganaji na mchawi awe mchawi, kila mmoja na saa yake ya kutamba.

Ninachotaka ni tendo langu lirudishwe na pumziko refu lifuate kitabu. Kama kuna meza hapa Kisumu, au hata Nakuru, inayobeba siku ya mchezo kutoka kikao hadi kikao, niambieni mnacheza wapi na lini.