Sungura wangu wa ndani mchana ananinunia, usiku anadeka. Ni tabia au anaumwa?

mama_sebuleni (Tabata):
Habari zenu wadau, naombeni ushauri na tafadhali msinicheke. Nina sungura wa kike, mweupe ana masikio meusi, ana miezi kama 8 hivi, nilimchukua akiwa kadogo kanaenea kiganjani nikamlea humu humu sebuleni, kizimba chake kipo pembeni ya TV ila mlango sifungi, anatoka na kuingia anavyotaka. Tunamwita Bi Mkubwa na kwa kweli jina limemkaa.

Sasa kuna kama wiki tatu hivi amebadilika. Jumapili nilimkata kucha, mdogo wangu akamlaza chali mapajani kama mtoto mchanga, akatulia tuli nikajua amependa. Tulivyomaliza akaruka, akaenda mpaka katikati ya kapeti, akanigeuzia mgongo, akakung'uta miguu ya nyuma kama mtu anayekung'uta ndala zenye mchanga, akakaa. Yaani hakwenda kujificha, alikaa pale pale ninapomwona ili nione kwamba kanuna. Nikimsogelea anasogea hatua mbili anakaa tena, mgongo kwangu. Siku mbili nzima jamani!

Ila ikifika saa tano usiku nimekaa zangu na simu, anakuja anazunguka miguu yangu huku anaguna "mh mh mh", ananisukuma kifundo cha mguu kwa pua, nisipomwangalia anavuta dera kwa meno, nikikausha ananing'ata kabisa, damu haitoki ila inauma. Nikimpa kipande cha ndizi anatulia dakika kumi, anarudi. Mume wangu akiingiza mkono kizimbani kubadilisha maji anapigwa ngumi za miguu ya mbele na kuungurumiwa juu, anasema huyu ana gubu kushinda mawifi. Saa tisa usiku anapiga mguu chini PWAA! tunaamka wote tunadhani mwizi. Na wageni wakija sasa? Malaika. Anajilaza miguuni kwa mgeni kama hajawahi kugombana na mtu.

Swali langu, hii ni tabia tu, ni mimi nimemdekeza, au kuna ugonjwa?

mzee_wa_supu:
Dada jibu lipo jikoni kwako, kitunguu, nyanya na tui la nazi, gubu linaisha siku hiyo hiyo 😂😂 Natania usinune na wewe

babu_masikio (Arusha):
Mzee wa supu acha masihara, hapa tupo kwenye mambo ya msingi.

Dada pole. Nimefuga sungura wa ndani muda mrefu na nakuhakikishia hao viumbe wananuna. Kugeuza mgongo na kukung'uta miguu ya nyuma akiwa anaondoka ndiyo lugha yao ya "umeniudhi, toka". Na kosa ulilofanya ni kumlaza chali. Kutulia kule sio raha, ni woga, anaganda kama aliyekamatwa na mnyama mkali, halafu akishtuka akarusha miguu kwa nguvu anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, maana mifupa yao myepesi na misuli ya miguu ina nguvu ajabu. Siku nyingine mkate kucha akiwa amekaa mezani juu ya taulo, mmoja anamshikilia mwingine anakata, kucha nne leo nne kesho, hamna haraka.

Hiyo ya usiku umemfundisha mwenyewe, samahani. Anang'ata, anapewa ndizi. Wewe ungeacha? Sungura hodari wa hesabu hizo. Akikung'ata toa kilio kifupi cha juu, "aii!", kama anavyolia mwenzake akiumizwa, halafu usimpe kitu wala usimfukuze, maana hata kufukuzwa kwake ni mchezo. Ndizi iwe kipande kidogo kama ukucha, mara mbili tatu kwa wiki, na umpe akiwa ametulia. Kingine, sungura anachangamka alfajiri na jioni, mchana anasinzia. Wewe mchana kutwa uko kazini, jioni unapika, saa tano ndo unakaa chini, na kwake ndo saa ya kwanza mtu wake kupatikana. Jaribu kukaa naye sakafuni nusu saa jioni kabla hujapika, sio kumbeba, kukaa tu, uone.

Mumeo aache kuingiza mkono kizimbani mwenyewe akiwemo ndani. Kile ni chumba chake. Asubiri atoke.

Sasa niulize, anakula vizuri? Kinyesi kipoje? Na hiyo kuzunguka miguu huku anaguna inanipa wasiwasi wa homoni, jike la miezi 8 tayari ni mama mtu mzima.

pwani_tupu (Mombasa):
Mimi napingana na babu kidogo, kwa heshima. Twawapa hawa wanyama tabia zetu. Sungura kazaliwa kuliwa na kila mwenye meno, mengi tunayoita gubu ni woga tu. Kupiga mguu saa tisa usiku ni kuwaambia wenzake hatari ipo, pengine ni paka dirishani au panya juu ya dari, wewe husikii yeye masikio yote yale asikia. Wangu alikuwa apiga mguu kila usiku nikaambiwa ana hasira, kumbe ni mlinzi wa jirani apita na tochi nyuma ya nyumba. Nikaweka pazia zito, kimya mpaka leo.

Na hizo ngumi, jamani, sungura haoni kitu kilicho mbele ya pua yake kabisa, macho yako pembeni. Mkono ukija moja kwa moja usoni kwake watokea kama jini. Mjie kwa ubavuni, umguse kipaji cha uso kwanza, si kidevu.

Tena joto. Huku pwani na huko Dar ni mamoja, ikipita 30 wanateseka, na mwenye joto hana mapenzi na mtu. Mimi nagandisha maji kwenye chupa ya plastiki naifunga kitambaa namwekea, alala ubavuni mwake kama mto.

babu_masikio:
Pwani tupu sijakataa woga, nakubali kabisa habari ya paka na ya mkono. Ila mtu mwoga anakimbia chini ya kochi. Huyu kakaa katikati ya kapeti siku mbili kaonyesha mgongo. Huo sio woga, huo ni ujumbe 😄

mama_sebuleni:
Asanteni sana kweli nimecheka na nimejifunza. Kula anakula, tena sana, majani ya mchunga anamaliza yote na nyasi kavu nazonunua kwa watu wa ng'ombe. Kinyesi kawaida, duara kikavu. Ila mmenikumbusha kitu, tangu juzi anabeba nyasi mdomoni, anajaza mpaka anafanana na mzee mwenye sharubu, anazipeleka nyuma ya kochi. Na leo asubuhi nimekuta manyoya mengi huko, kifuani kwake kumebaki ngozi. Nikajua ni ukurutu au viroboto, nina ile dawa ya matone ya mbwa ya jirani, nimpake?

msaidizi_wa_vet (Morogoro):
USIMPAKE. Naomba isomwe na kila mtu, dawa za viroboto za mbwa nyingi zina fipronil na kwa sungura ni sumu, inaweza kumuua. Sungura ana dawa zake, na hata antibiotiki ni hivyo hivyo, amoksilini ya kunywesha inaua bakteria wazuri wa tumboni mwake anaharisha mpaka anakufa. Mtu asitoe dawa kwa kukisia.

Dada huo sio ukurutu. Kubeba nyasi na kunyofoa manyoya ya kifuani ni kutengeneza kiota. Ziko njia mbili. Moja ni mimba ya uongo, mwili unadanganyika, anakuwa mkali, analinda kona yake, inaisha yenyewe, kiota anakianza siku ya 16 mpaka 18 hivi. Ya pili ni mimba ya kweli, siku 31 zaidi au pungufu kidogo, na manyoya huwa anayanyofoa mwishoni karibu na kuzaa. Amekutana na dume lini?

mama_sebuleni:
Hajawahi kukutana na dume, anaishi na sisi tu. Kuna yule sungura wa mtoto wa jirani anaitwa Zainabu, mwezi huu mwanzoni walimleta wacheze pale koridoni, walikimbizana dakika kama tano nikawatenganisha maana Zainabu alikuwa anampanda mwenzie, nikajua ni uchokozi wa majike. Ilikuwa siku ya kulipa kodi, tarehe 1. Leo tarehe 28.

mzee_wa_supu:
Zainabu 😳

msaidizi_wa_vet:
Dada naomba nenda kwa jirani sasa hivi ukamgeuze Zainabu. Mpole, usimlaze chali kabisa, muinue mbele kidogo mkalishe kwa makalio, bonyeza taratibu pale chini. Jike utaona mfano wa mkato, dume kitatokea kitu kama kibomba cha duara. Na sungura dakika tano ni nyingi sana, yeye sekunde zinamtosha. Jike halisubiri siku maalum kama ng'ombe, yai linatoka kwa sababu ya kupandwa.

mama_sebuleni:
Nimerudi. Zainabu ni dume. Mtoto wa jirani analia, anauliza sasa tumwiteje.

babu_masikio:
Aisee 😂😂 poleni na hongereni. Haya sikiliza, siku 27 hizo, una siku tatu nne. Kuanzia leo usimbebe, usimkate kitu. Tafuta boksi la katoni lenye kuenea yeye kugeuka, kata mlango upande mmoja ubakize kizingiti ili vitoto visitambae nje, liweke pale pale nyuma ya kochi alipochagua yeye, usimhamishe. Mjazie nyasi kavu nyingi, manyoya aliyonyofoa yaache, ndo blanketi. Maji yasikatike hata saa moja.

Akizaa usipige kelele za kushangilia. Angalia mara moja kwa siku kama wapo hai na matumbo yamejaa. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, mama sungura ananyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, saa zingine zote yuko mbali nao kama hawajui. Sio kwamba amewatelekeza. Hakai nao ili adui asijue walipo. Watu wanaanza kuwanyweshea maziwa ya ng'ombe wanawaua bure.

Na Zainabu asikanyage hapo, jike linaweza kushika mimba nyingine siku hiyo hiyo ya kuzaa.

msaidizi_wa_vet:
Naongezea tu, vitoto vikishaacha kunyonya fikiria kumfunga uzazi, majike wasiofungwa wanapata sana kansa ya kizazi wakizeeka. Tafuta daktari aliyewahi kufanya sungura, sio mbwa tu. Mtego wa kumjua ni huu, muulize kama umlaze na njaa kabla ya operesheni. Sungura hatapiki, hafungishwi. Na wote mnaosoma, sungura anayekugeuzia mgongo mwache atamaliza hasira, ila anayegoma kula nusu siku na hanyi, huyo hajanuna, huyo ni mgonjwa na ni dharura.

pwani_tupu:
Na yule anayesaga meno kwa sauti amejikunyata, hayo ni maumivu. Akisaga polepole huku wamkuna kichwa, hiyo ni raha. Usichanganye.

mama_sebuleni:
Wadau mrejesho. Alfajiri ya tarehe 1, siku ya kodi tena. Watano! Hawana manyoya, macho yamefumba, wekundu kama vidole, wamefunikwa na manyoya ya mama yao mpaka unaona blanketi linapumua tu. Nilichungulia kwa tochi ya simu nusu dakika nikaondoka.

Ndizi nimeacha, jioni nakaa naye sakafuni, kung'ata kumepungua sana. Usiku wa jana amekuja akaweka kichwa kwenye mguu wangu akalala hapo.

Ila leo nimesogeza kochi kidogo kufagia. Yupo katikati ya kapeti, mgongo kwangu.