Ashoka: alitubu kweli, au alijua kuongea?

MTOTO WA MWALIMU
Wakuu, habari za usiku. Nina hoja moja tu, naomba tusitoke nje ya mstari.

Kila anayeisifu dola ya Maurya ya India ya kale anaanzia kwa Ashoka. Mfalme aliyeivamia Kalinga, akaona damu ilivyomwagika, akatubu, akawa mtu wa amani. Hata lile gurudumu la spoku 24 katikati ya bendera ya India linaitwa kwa jina lake.

Sasa sikilizeni. Toba hiyo tunaijua kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyachongesha kwenye miamba katika karne ya tatu K.K., tangazo linalohesabiwa kuwa la 13. Anasema miaka minane baada ya kutawazwa aliiteka Kalinga, watu 150,000 wakahamishwa mateka, laki moja wakauawa, na waliokufa baadaye wakawa mara nyingi zaidi ya hao, na sasa linamuuma. Maneno mazito. Yamechongwa Girnar huko Gujarat, Shahbazgarhi katika Pakistani ya leo, na kwingineko. Ila Kalinga penyewe, yaani Odisha ya leo, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la 13 halipo. Limerukwa. Umchinjie jirani ng'ombe wake, halafu radhi ukaombe kijiji cha saba. Hiyo ni toba au siasa?

FUNDI SAA
Siasa tupu. Tena huyo bwana hata baada ya "kutubu" aliendelea kula tausi! Kaandika mwenyewe. Jikoni kwake walikuwa wanachinja wanyama malaki kwa siku kwa ajili ya mchuzi, akapunguza, akabakiza tausi wawili na kulungu mmoja. Mcha Mungu gani huyo, kila siku tausi wawili mezani? Kijana wa Upanga, njoo umtetee mfalme wenu.

KOBE MZEE
Tausi wa mchuzi au wa kukaanga?

TAUSI WA PANGANI
Nafungua simu asubuhi nakuta wanaume wazima wanajadili namna ya kunipika. Naomba mniache.

KIJANA WA UPANGA
Fundi Saa, "mfalme wenu" ni wa nani? Mimi nimezaliwa Upanga, baba kazaliwa Tabora, babu ndiye aliyepanda jahazi kutoka Kathiawar, huko Gujarat. Nikienda leo Patna, ulikokuwa mji mkuu wa huyo Ashoka ukiitwa Pataliputra, napanga foleni ya wageni kama wewe na viza yangu mkononi. Mbona akitajwa Mansa Musa hakuna anayekuita wewe uje umtetee mfalme wenu wa Mali?

Na hao tausi, ungesoma hadi mwisho. Tangazo la kwanza linasema wanachinjwa watatu, tausi wawili na kulungu mmoja, tena kulungu si kila siku, na hata hao watatu baadaye hawatachinjwa. Umekatia njiani kwa makusudi.

FUNDI SAA
"Baadaye" lini? Hiyo ni lugha ya mdaiwa. Na kuhusu "wenu", basi samahani, lakini usijifanye hujui, kwenu ndiko watu hawagusi hata yai, nikajua mnafahamiana.

KIJANA WA UPANGA
Samahani yenye "lakini" ndani yake siipokei. Sisi nyumbani ni Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kuua kiumbe, kutokula nyama hatukufundishwa na Ashoka. Kama ni ukoo wa Maurya, anayesimuliwa kwetu ni babu yake, Chandragupta. Masimulizi ya Kijaini yanasema aliacha kiti cha enzi, akashuka kusini hadi Shravanabelagola, akafunga kula mpaka roho ikatoka. Umekosea mtu.

KOBE MZEE
Kwa hiyo "mfalme wenu" yupo, ni jina tu lilikosewa.

KIJANA WA UPANGA
Kobe, nitakuja na supu yako.

FUNDI SAA
Chandragupta si ndiye aliyempiga Alexander Mkuu?

MCHIMBA MAWE
Hapana mkuu. Alexander alikufa 323 K.K., Chandragupta ndiyo kwanza anajikusanya kuwang'oa wafalme wa Nanda waliotawala kabla yake. Aliyekuja kupambana naye ni Seleucus, jenerali wa Alexander aliyejitwalia upande wa mashariki. Mwisho wakapatana, kama 303 K.K.: Seleucus kaachia ardhi kubwa upande wa Afghanistani, kachukua tembo 500. Akawapeleka kwenye vita ya Ipsus mwaka 301, wakamfaa kweli.

FUNDI SAA
Tembo 500! Kwa bei ya nchi! Huyo Mhindi alijua biashara.

KIJANA WA UPANGA
Unaona sasa? Haya ndiyo ninayoyasema.

FUNDI SAA
Nimemsifu jamani!

MTOTO WA MWALIMU
Wakuu, Kalinga.

Niongeze jambo ambalo watu hulipita. Ndani ya tangazo hilo hilo la toba, kuna mahali anawageukia watu wa misituni wanaomsumbua. Anawaambia mfalme anajuta, ni kweli, ila nguvu anazo, kwa hiyo waone haya wasije wakauawa. Yaani katikati ya kilio ametoa panga, akalionyesha, akalirudisha alani. Naomba mtu anijibu hapo.

TAUSI WA PANGANI
Mimi nijibiwe kwanza kwa nini tausi. Kuku walikuwa wameisha?

SHANGAZI MKUNAZINI
Wanangu, shikamoni zenu nimezipokea ingawa hakuna aliyenipa. Nimesoma toka juu, naona mnamhukumu mtu kwa kitoweo.

Mtoto wa Mwalimu, swali lako ni zuri ila umelibana. Dhauli na Jaugada halikurukwa la 13 peke yake. La 11 na la 12 pia hayapo, na hilo la 12 halina vita ndani yake, linahimiza watu waheshimu madhehebu ya wenzao. Mahali pake pamechongwa matangazo mawili ya Kalinga tu. Ndimo alimosema watu wote ni watoto wangu, na anachowatakia wanawe, heri ya dunia na ya baadaye, anawatakia watu wote. Kisha anawageukia mahakimu wake wa Tosali, mji wa huko Kalinga: msifunge mtu wala kumtesa bila haki, acheni husuda, hasira, uvivu na papara. Na akaamrisha wasomewe hayo mara kwa mara.

Mimi kwetu nimefundishwa kuwa mfiwa humsomei idadi ya maiti zake. Unakwenda, unakaa mkekani, unanyamaza, ukiweza unamwondoshea dhiki. Huenda ndiyo maana.

MTOTO WA MWALIMU
Shikamoo Shangazi, samahani kwa kuchelewa. Hilo la 11 na 12 nakubali, sikulitaja na lilitakiwa nilitaje. Ila huo mkeka sikai. Mfiwa humsomei idadi ya maiti pale ambapo si wewe uliyeua. Muuaji akija msibani akasema "nyote wanangu", jamaa watamwangalia vipi? Baba aliyehamisha watoto 150,000 na kuwatenganisha na kwao.

SHANGAZI MKUNAZINI
Marahaba. Na angenyamaza kabisa ungesemaje? Nionyeshe mfalme mwingine wa zama zile aliyechonga kwenye jiwe kwamba ushindi wake unamtia simanzi. Wenzake wote walichonga vichwa walivyokata.

MCHIMBA MAWE
Hapo Shangazi kamaliza. Mimi napenda hadithi ya namna alivyopatikana. Matangazo karibu yote hayana jina Ashoka. Yanasema tu "Piyadasi, mpendwa wa miungu". James Prinsep, Mwingereza wa pale Kalkuta, alipofumbua mwandiko huo mwaka 1837 alidhani ni mfalme wa Sri Lanka. Mwaka 1915 huko Maski, kusini mwa India, mhandisi wa migodi ya dhahabu akaliona tangazo lenye jina Ashoka lenyewe. Mhandisi wa dhahabu! Sisi huku Geita tukiona jiwe lenye maandishi tunalipiga nyundo kwanza tuone ndani.

FUNDI SAA
Kwa hiyo mpaka Mzungu awasomee. Miaka elfu mbili wenyewe wamemsahau. Huo ndio urithi mnaousifu?

SHANGAZI MKUNAZINI
Waliosahau ni mwandiko. Sri Lanka Wabudha hawakumsahau hata siku moja, na hao ndio walioutunza mkasa wake, kwamba mwanawe Mahinda aliwapelekea dini na binti yake Sanghamitta akawapelekea tawi la mti wa Budha, Anuradhapura, na mti wake unaheshimiwa hadi leo. Prinsep mwenyewe alisahihishwa na George Turnour, aliyekuwa akisoma vitabu vya huko huko Sri Lanka. Bila hao watawa asingejua Piyadasi ni nani. Mwanangu, kusoma herufi ni jambo moja, kumjua mtu ni jingine.

FUNDI SAA
Na Sultani Firuz Shah wa Delhi je? Karne ya 14 aling'oa nguzo nzima ya Ashoka, akaifunga mapamba na matete, ikavutwa kwa gari la magurudumu kibao hadi mtoni, ikapakiwa mashuani mpaka Delhi. Akawaita wasomi waisome. Hakuna aliyeweza!

MCHIMBA MAWE
Hilo kweli. Ipo hadi leo pale Kotla, ngome ya huyo Sultani mjini Delhi. Sultani Mwislamu kuhangaika hivyo na nguzo asiyojua inasema nini, mimi nampa heko.

KOBE MZEE
Ingekuwa inasema "ni marufuku kuhamisha nguzo hii".

FUNDI SAA
Nirudi kwenye mada ili Mtoto wa Mwalimu asilie. Kosa la Ashoka si toba. Kosa ni kuwalegeza askari na mahubiri ya huruma. Kafa kama 232 K.K., mwaka 185 hivi dola imekwisha. Mfalme wa mwisho, Brihadratha, kauawa na kamanda wake mwenyewe, Pushyamitra, wakati anakagua gwaride. Gwaride! Ukiwafundisha askari kuonea kulungu huruma, mwisho wanakuonea wewe.

KIJANA WA UPANGA
Jana alikuwa mnafiki anayekula tausi na kutishia watu, leo alikuwa mlaini kupita kiasi. Chagua kimoja tukujibu.

Na huo ulaini uko wapi? Jeshi hakulivunja. Kalinga hakuirudisha. Hata hukumu ya kifo hakuifuta. Tangazo la nne la nguzo, mwaka wa 26 wa utawala wake, linasema waliohukumiwa kufa wapewe siku tatu, jamaa zao wapate kuwaombea au wajiandae kwa safari. Siku tatu. Huyo ndiye mlaini?

MTOTO WA MWALIMU
Asante! Hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

KIJANA WA UPANGA
Hapana, mimi namtetea.

MHITIMU ODISHA
Nimekuwa nasoma tu, ila mmetaja Dhauli mara nyingi na sidhani kuna aliyefika. Mimi nilisoma Bhubaneswar miaka minne. Dhauli ni kama kilomita nane kutoka mjini, unachukua bajaji.

Nilitegemea mlima. Ni mwamba wa chini tu, kando ya kilima, wamejengea kibanda kuukinga. Juu yake ametokeza tembo, nusu ya mbele peke yake, kichwa na miguu miwili na mkonga, nusu ya nyuma bado iko ndani ya jiwe, kama vile mchongaji kaitwa kula akasahau kurudi. Si mkubwa, ni kama mtoto wa tembo. Maandishi yako chini yake, herufi ndogo zilizochoka, unainama kwa pembeni ndipo kivuli kikuonyeshe mistari. Mto Daya uko chini pale, na juu kilimani kuna stupa jeupe, yaani kuba la ibada la Wabudha, lililojengwa na Wajapani miaka ya 1970. Watu wote wanapanda huko. Mwambani tulikuwa wawili na mbwa.

Nilikwenda na mwenzangu wa bweni, mzaliwa wa huko. Nikamuuliza nyie mnamwonaje Ashoka. Akasema shuleni walifundishwa mto ule uligeuka mwekundu, na bibi yake akitaja vita hiyo husema "walipotuvamia", kama jambo la juzi. Nikamwambia mbona bendera yenu ina gurudumu lake. Akasema bendera ni ya India, bibi yangu ni wa Kalinga. Kisha akanitaka nimpige picha na tembo.

MTOTO WA MWALIMU
Mhitimu, umenipa kitu. Huyo mwenzako alijua kwamba tangazo la majuto halipo hapo?

MHITIMU ODISHA
Sikumuuliza. Mimi mwenyewe nimejua leo kwako.

FUNDI SAA
Bibi ameshinda mjadala. Tufunge.

KIJANA WA UPANGA
Bibi ameshinda, wewe umeshindwa. Ni tofauti.

FUNDI SAA
Haya, hebu tuseme simba. Wale simba wa mawe wa nguzo ya Ashoka ya Sarnath walio nembo ya India tangu 26 Januari 1950, mliona wale waliowekwa juu ya bunge jipya mwaka 2022? Watu walivyogombana! Wengine wanasema simba wa Ashoka ni watulivu, hawa wamenuna meno nje. Hata simba wake hawajulikani walitubu au la.

SHANGAZI MKUNAZINI
Hapo umenichekesha kwa mara ya kwanza. Nakwenda kulala.

MTOTO WA MWALIMU
Shangazi usiku mwema. Waliobaki, naombeni bado: wale watu wa misituni...

TAUSI WA PANGANI
Ngojeni, nimepata jibu langu mwenyewe. Tausi ni ndege wa taifa la India tangu 1963, na sheria ya wanyamapori ya 1972 inamlinda, ukimuua unashtakiwa. Fundi Saa uliuliza "baadaye lini". Ndiyo hiyo. Ilichukua miaka elfu mbili na mia mbili hivi, ila mdaiwa kalipa.

FUNDI SAA
Nimekubali. Hilo nimekubali.

KOBE MZEE
Na kulungu je?