Ng'ombe kagoma kula ghafla, maziwa yamekatika. Naombeni ushauri wa haraka

Mangi wa Mabua:
Wakuu, habari za jioni. Nina ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friziani, yuko bandani muda wote, hatoki. Juzi asubuhi alikuwa mzima kabisa, jioni kakataa pumba. Maziwa yameshuka kutoka lita 9 hadi 2 kwa siku moja. Hacheui. Kinyesi kidogo na kigumu. Ubavu wa kushoto umejaa kiasi, lakini si wa kulia ngoma ukiugonga. Anasimama tu, kulala hataki. Joto 39.7. Nimemnywesha nusu lita ya mafuta ya kupikia, wapi.
Mimi nahisi ni gesi. Je, nimuongeze mafuta, au kuna dawa ya kufungua tumbo? Wenye uzoefu tu, matusi hapana.

Mama Maziwa:
Pole kaka. Kinyesi kigumu na homa, usisahau ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mfunue ufizi na utando wa ndani ya jicho: ukiona weupe au umanjano, hiyo siyo gesi. Anaogeshwa kila baada ya muda gani? Wengi wakishafungia ndani wanadhani kupe hawapandi, wakati kupe wanaletwa na majani yaliyokatwa porini.

Supu ya Asubuhi:
Akishindikana tutajie bucha, tujue la kulikwepa.

Kwato Nne:
Acha mafuta. Yanasaidia tumbo lililojaa povu, na wewe huelezi povu. Ukimnyanyua kichwa na chupa mdomoni yakaingia mapafuni, utakuwa na magonjwa mawili.
Nijibu haya:
1. Akisimama, mgongo umejikunja juu? Viwiko vya mbele vimetanuka nje?
2. Akitembea mteremko au akikojoa, anaguna?
3. Mbane kwa mikono miwili mgongoni, nyuma tu ya mabega. Mzima hubonyea kushuka chini. Mwenye kitu kinachomchoma kifuani hukataa kushuka, anakaza, na ukiweka sikio kooni utasikia anaguna.
4. Nini kimebadilika bandani miezi hii miwili mitatu?

Mangi wa Mabua:
Asante daktari. Ufizi ni mwekundu kawaida. Mgongo ndiyo, umejikunja. Nimembana, hakushuka, kaguna. Bandani hakuna kilichobadilika.

Kwato Nne:
Hapo sioni gesi tena. Naona waya au msumari. Fundi hajaingia bandani? Paa, wavu wa kuku, uzio?

Mangi wa Mabua:
Hapana. Fundi aliingia mwaka jana.

Kwato Nne:
Hori ni la nini?

Mangi wa Mabua:
La kawaida tu.

Bibi Kiroba:
La kawaida ndiyo la nini baba? Mbao, saruji, pipa?

Mangi wa Mabua:
Tairi la lori. Nimelikata katikati nikaligeuza, linakaa vizuri na halimwagi pumba. Kabla mtu hajaanza: huku kwetu kila nyumba ya pili ina hori la tairi na ng'ombe wanazaa. Mbao inaliwa na mchwa, saruji ni hela. Nilifanya hesabu zangu.

Chuma Chakavu:
Tairi la aina gani? La nailoni au la waya?

Mangi wa Mabua:
Sijui. Limekatwa na jamaa mwenye gurainda. Pembeni pana vinywele vinavyochoma mkono ukipitisha, lakini si vingi.

Chuma Chakavu:
Hilo ni la waya. Tairi za zamani za nailoni zina chuma pale pembeni tu panapobana rimu. Hizi za waya zina nyuzi za chuma ndani ya mwili wote, nyembamba na ngumu, hazipindi kirahisi. Gurainda ikipita zinabaki wazi kwenye mkato. Jua, mkojo na ulimi vinakula mpira, nyuzi zinakatika vipande vifupi na kuangukia kwenye pumba. Huzioni.

Kwato Nne:
Na ng'ombe hachagui. Mbuzi hunusa na kuchambua kwa midomo, ng'ombe huzoa kwa ulimi na kumeza, atatafuna baadaye akicheua. Kitu kizito kinashukia tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo linajikaza kwa nguvu muda wote, na mbele yake kuna kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, kisha moyo, sentimita chache tu. Likijikaza, waya unasukumwa mbele. Kwanza unatoboa ukuta wa tumbo, ndipo maziwa yanakatika ghafla kama ya kwako. Ukifika kwenye mfuko wa moyo, mshipa wa shingo unavimba na kidari kinajaa maji. Hapo hakuna tiba ya maana.
Angalia shingo na kidari sasa hivi. Halafu sema: ana mimba?

Mzee wa Rambo:
Wakati tunasubiri jibu, niseme la rambo, mifuko ya plastiki. Watu wanadhani marufuku yake ya Juni 1, 2019 ilimaliza kazi. Mifuko ya kubebea ilipungua, lakini nailoni za vifungashio, nyuzi za viroba na kamba za manila bado zipo. Nailoni haitoboi, inajisokota na kukaa tumboni kama mpira mkubwa: mnyama anajaa gesi, inapungua, inarudi, anakonda huku anakula. Hakuna dawa inayoyeyusha nailoni. Anayekuuzia chumvi ya haluli kwa kazi hiyo anakuuzia kuharisha.

Bibi Kiroba:
Kweli kabisa. Kiroba cha pumba usikikate kwa kisu. Tafuta ncha ya uzi upande wenye mshono mmoja, vuta, utoke wote mzima, uutie kwenye kopo lenye kifuniko. Ukikata, vipande vinaingia kwenye pumba. Na ng'ombe anayelamba ukuta, anayetafuna mifupa na viatu, huyo anatafuta madini. Mpe jiwe la kulamba na madini yenye fosforasi, ataacha nusu ya hizo takataka.

Mangi wa Mabua:
Shingo kawaida, kidari kawaida. Mimba ndiyo, miezi minane.

Msema Chochote:
Subiri. Mimba ya miezi minane na anakamuliwa lita 9? Ng'ombe hukaushwa akifika mwezi wa saba. Halafu picha hakuna, mahali hakuna, hori linajulikana baada ya kubanwa. Wakuu, hii ni chai, na sukari imezidi. Ngojeni tu, sasa hivi atatokea muuza sumaku, zile anazomezeshwa ng'ombe zinase waya tumboni.

Agroveti ya Kona:
Habari ndugu mfugaji. Sumaku za ng'ombe zinapatikana kwetu, tunatuma mikoani. Njoo pembeni.

Msema Chochote:
😂😂😂 Si niliwaambia?

Supu ya Asubuhi:
Uzi umefungwa na mwenyewe. Mtoa mada na agroveti wanatumia simu moja.

Mangi wa Mabua:
Mimi huyo agroveti simjui. Sikumkausha kwa sababu ada za shule hazikaushwi. Picha simu yangu haikubali kupandisha, banda liko Kibosho huku juu mtandao ni wa kubahatisha. Anayetaka kuamini aamini.

Kwato Nne:
Lita 9 mwezi wa nane zinawezekana, ila ni vibaya, kiwele kinahitaji siku kama 60 za kupumzika. Na hata kama ni chai, kuna mwingine anasoma akiwa na tairi bandani. Naendelea.
Mimba kubwa ndiyo inazidisha hatari: mfuko wa uzazi unasukuma matumbo mbele, na waya pamoja nayo. Kwa hiyo leo:
Mbele ya banda jaza udongo au weka mbao imara, miguu ya mbele ipande sentimita 15 hadi 20 kuliko ya nyuma. Uzito wa tumbo urudi nyuma. Mfunge hapo, asitembezwe. Majani laini, nusu ya anayokula siku zote, maji muda wote. Pumba acha kwanza.
Daktari wa mifugo aje na sumaku na antibiotiki. Sumaku ya kumezesha ni ndefu kiasi cha sentimita 7, nyembamba, ncha za mviringo. Inapitishwa kwa bomba la vidonge hadi nyuma ya mgongo wa ulimi, anameza, inakaa tumbo la pili maisha yake yote. Kabla ya kumpa, sogeza dira karibu na kiwiko cha kushoto, mbali na vyuma vya banda. Mshale ukigeuka, tayari anayo. Moja inatosha.
Mwambie daktari umri wa mimba kabla hajafungua mkoba. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, itamtoa ndama.
Akianza kula ndani ya siku tatu, endelea kumpumzisha. Asipoanza, ni upasuaji: anafunguliwa ubavu wa kushoto akiwa amesimama, kwa ganzi, mkono unaingia na kuutoa waya.

Chuma Chakavu:
Na mtu asimmezeshe sumaku ya spika. Inavunjika na kingo zake zinakata. Sumaku ya spika kazi yake ni nje: ifunge kwenye kamba, iburute sakafuni na kuzunguka banda, utashangaa. Nyingine ifunge kwenye mdomo wa mashine ya kukatia majani. Mashine ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu waya mrefu uliofungiwa mabua pengine angeutema, mashine inaukatakata vipande vya kumezeka. Ila shaba na kopo la soda la alumini havishiki sumaku, hivyo ni vya kuokota kwa macho.

Mangi wa Mabua:
Nimewaelewa. Ila niseme ukweli, kuna mtu wa bucha anakuja Jumamosi. Alishanipa kianzio. Nilifikiri kama ni waya basi nyama haina tatizo, si ugonjwa wa kuambukiza. Hasara ya upasuaji nani atanilipa?

Mama Maziwa:
Kaka, jana ulimchoma nini?

Mangi wa Mabua:
Nani kasema nimemchoma?

Mama Maziwa:
Mwenye pima joto nyumbani ana na sindano nyumbani.

Mangi wa Mabua:
OTC ya 20%, antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ile ya muda mrefu. Mara moja tu.

Kwato Nne:
Basi Jumamosi haipo. Soma lebo ya chupa: za aina hiyo nyingi zinataka wiki tatu au nne kabla ya kuchinja, na maziwa kumwagwa wiki moja au zaidi. Hizo lita 2 za sasa zimeenda wapi?

Mangi wa Mabua:
Watoto na jirani.

Mzee wa Rambo:
Subhanallah.

Mama Maziwa:
Acha kuwapa leo hii. Mrudishie wa bucha hela yake. Ukimuuza sasa unauza na ndama wa mwezi mmoja ujao kwa bei ya supu.

Mangi wa Mabua:
Hela ya kianzio nusu nimeshalipia mabua. Nitaongea naye. Daktari wa kata amesema anakuja kesho saa mbili, sumaku anayo moja. Tairi nalitoa usiku huu, kwa muda nitatumia beseni. Nitaleta mrejesho.

Chuma Chakavu:
Usilichome moto. Mpira utaungua, waya wote utabaki kwenye majivu, na majivu utayamwaga kwenye majani ya malisho. Lipeleke barabarani, kuna wanaochukua.

Msema Chochote:
Wa chai huwa hawaleti mrejesho. Nakaa hapa hapa.