Raba za kolabo: mnanunua kiatu au mnanunua jina?

Mleta mada: Wadau, tujadili bila kutukanana. Kampuni ya viatu inaungana na msanii au mbunifu, zinatoka jozi chache, watu wanagombania. Mimi nasema tunalipia kiki, mguu haupati kitu. Chukua Air Jordan 1, raba ya Nike. Ilitoka 1985 kwa ajili ya mpira wa kikapu wa enzi hizo: soli bapa ya mpira, kimto kidogo cha hewa kisiginoni, basi. Mwaka 2019 rapa Travis Scott akaigeuza alama ya Nike ikatazama nyuma. Mwaka 2020 Dior, wale wa mitindo, nao wakaja na yao, jozi 8,500 za shingo ndefu. Kwa macho, safi kabisa. Ukiivaa kutwa nzima, jioni unyayo unakusimulia habari za 1985.

Mkusanyaji: Ndugu, si kila kitu kinapimwa kwa unyayo. Mwaka 2017 marehemu Virgil Abloh, mbunifu wa mitindo, alichukua viatu kumi vya Nike tulivyovizoea, akavifumua, akaacha povu na mishono ionekane, kwenye kamba akaandika kwamba hizi ni kamba, kisha akafunga kile kibanio chekundu cha plastiki. (Mpaka leo watu wanabishana kama kikatwe au kiachwe. Mimi sikati.) Hiyo ni sanaa, na sanaa haihitaji kuvaliwa. Zangu zimo kwenye boksi, salama.

Mguu Mpana: Salama? Boksi halizuii kitu. Soli za kati za baadhi ya viatu ni povu la poliyurethani (aina ya plastiki), na unyevu wa hewani unalivunja taratibu, uvae usivae. Miaka inapita, siku ya harusi unazitoa, hatua kumi tu soli inaanza kumong'onyoka kama udongo mkavu. Kinachochekesha ni kwamba hiyo soli bapa anayoiponda mleta mada ndiyo inayodumu. Air Jordan 3 za 1988 zinapasuka soli, Air Jordan 1 za 1985 wapo wanaozivaa bado.

Mpita Njia: Mbona hamzitaji Yeezy Boost 350, kolabo ya adidas na rapa Kanye West? Zilipoanza 2015 watu walizikimbilia kwa sababu ya jina la Kanye. Wengi walibaki nazo kwa sababu ya Boost, povu ambalo adidas walikuwa wameshalitumia kwenye viatu vya kukimbilia tangu 2013. Oktoba 2022 adidas wakaachana na Kanye, povu likabaki lilelile. Kwa hiyo raha na kiki vinaweza kukaa soli moja.

Mleta mada: Hapo kwenye soli bapa nimenyoosha mikono. Ila kuna jambo mnalikwepa: namba. Kiatu cha kawaida unakijaribu, unatembea nacho dukani, kikibana unarudisha. Hiki cha kolabo unaingia bahati nasibu, ukishinda unachukua bila kukijaribu, ukikosa unaangukia kwa mlanguzi mwenye namba moja pungufu. Mimi mwenyewe nimewahi kununua inayobana, nikajidanganya kwamba itatanuka. Haikutanuka. Nilikuwa naivua chini ya meza kila nikikaa.

Mguu Mpana: 😂 Sote tumepita huko.

Mleta mada: Mkusanyaji, za kwako zina miaka mingapi boksini? Fungua jozi moja leo, bonyeza soli kwa kidole gumba, halafu urudi hapa utuambie.