Choo cha kukaa kimeziba: ninunue springi ya kuzibulia, mpira, kostiki, au niite fundi?

Mpangaji_Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Choo cha ndani kimegoma tangu jana asubuhi. Ukiflashi, maji yanapanda hadi yanakaribia kumwagika, halafu yanashuka kwa unyonge, kama dakika ishirini nzima. Nimemwaga ndoo tatu kwa nguvu, wapi! Jirani ananiambia kostiki soda. Shemeji anasema mpira ule wa kusukuma. Leo nimepita dukani nikaona springi yenye hendeli ya kuzungusha, bei yake imenifanya niulize kwanza hapa. Fundi naye yupo, ila wa mtaani kwetu kabla hajainama ameshataja pesa. Aliyetumia hivi vitu kwa mkono wake anipe tofauti.

Fundi_Chemba:
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Nenda bafuni mwaga ndoo moja ya maji, kisha fungua bomba la sinki la kunawia. Yakienda vizuri kote, na choo peke yake ndicho kinagoma, basi kilichoziba kipo kwenye shingo ya sinki la choo au hatua chache tu mbele yake. Yakirudi, au ukisikia choo kinaguguma ukimwaga bafuni, hiyo ni chemba au shimo limejaa, na hiyo springi utaizungusha mpaka kesho.

Watu wengi hawajui sinki la choo limejengwaje. Ndani ya kauri kuna njia inayoshuka, inapanda, halafu inashuka tena. Hapo ndipo maji yanapobaki ili harufu ya shimo isipande ndani. Njia hiyo ni nyembamba, kwenye vyoo vingi ni kama inchi 2, wakati bomba linalopokea chini ni la inchi 4. Kitu kikipita shingo, mara nyingi safari yote iliyobaki ni rahisi.

mama_watatu:
Mpira kwanza, jamani. Nina watoto watatu, nimezibua kuliko mafundi wengine humu 😂. Lakini usichukue ule bapa wa sinki la vyombo. Wa choo una mdomo wa ndani unaotokeza, unaingia kwenye tundu na kukaa sawa. Maji yafunike mpira wote, ukisukuma hewa unajirushia uchafu tu. Msukumo wa kwanza uwe taratibu. Halafu usisahau kuvuta: wengi wanasukuma kwa hasira, kumbe kinachoking'oa kitu ni ule mvuto wa kurudi. Piga mara kumi na tano, ishirini, pumzika, rudia. Kwa kinyesi na karatasi haushindwi.

Kopo_la_Maji:
Huku kwetu Unguja karatasi hatuna, na bado vinaziba! Kwa choo cha kuchuchumaa mpira huo wa mdomo haukai sawa, tunatumia ule bapa mpana, au kitambara kilichofungwa kwenye mpini wa fagio. Mkuu bahati yako ni cha kukaa.

Mzaramo_Minnesota:
Nimeona watu wanachanganya springi mbili. Ipo ile ndefu iliyoviringishwa ndani ya kopo la duara, hiyo ni ya sinki la jikoni na bafuni. Ukiiingiza kwenye choo, chuma kinakwaruza kauri na kuacha mistari myeusi ambayo huitoi kwa sabuni. Ya choo ni fimbo yenye kiwiko chini, na kiwiko kimevishwa mpira. Waya wake ni mfupi, mara nyingi futi 3, maana kazi yake ni kuvuka ile shingo aliyoieleza Fundi, basi.

Huku Marekani vyoo vipya tangu 1994 vinaruhusiwa kutumia galoni 1.6 tu kwa flashi moja, kama lita 6. Vile vya mwanzo vilikuwa vinaziba kwa kuangaliwa, kwa hiyo chombo hiki nimeishi nacho. Vuta waya wote juu mpaka ncha tu ndiyo ionekane kwenye kiwiko. Kiwiko kielekee tundu. Zungusha kisaa huku unasukuma kwa upole, uache waya ujitafutie njia kwenye kona. Ukigota, usilazimishe; rudi kidogo, zungusha tena. Ukihisi kitu kimenasa, endelea kuzungusha upande uleule huku unavuta. Ukigeuza, kinaachia. Ndoo na glavu ziwe karibu, kitakachotoka hakipendezi.

Mpangaji_Kimara:
Nimefanya jaribio la Fundi. Bafuni maji yanaenda safi, sinki safi. Ni choo tu. Nimeazima mpira kwa mama mmoja hapa nyuma, nimepiga hadi bega linauma. Yanashuka haraka kidogo kuliko jana, ila bado. Kostiki je, niongezee nguvu?

Kemia_ya_Kidato:
HAPANA. Kostiki inakula mafuta na nywele. Kitambaa, pedi, pampasi na plastiki haiviwezi, na mpira ukishindwa namna hiyo nahisi una kitu cha aina hiyo. Itakaa kwenye maji yaliyotuama shingoni na kuchemka, maana ikikutana na maji inatoa joto kali, na kauri inaweza kupasuka. Halafu wewe au fundi mtaingiza mpira au springi kwenye hayo maji, yaruke machoni. Wapo pia wanaomwaga asidi ya betri juu ya kostiki, au juu ya dawa ya kung'arishia nguo. Ya kwanza inalipuka usoni, ya pili inatoa gesi ya klorini ndani ya chumba kisicho na dirisha. Na kama mna shimo la septiki, bakteria wanaokula uchafu nao wanaumia.

Msee_wa_Gorofa:
Hapa Nairobi mimi napigia keateka, yule msimamizi wa jengo, simu, kwisha. Tuko ghorofa ya tatu na bomba la kushuka tunatumia wote. Jirani wa juu akitupa nepi, anayefurikiwa ni wa chini. Kununua chombo cha kutumia mara moja kwa mwaka ni kupenda kununua tu.

Fundi_Chemba:
Keateka wako akija atakuja na springi hiyohiyo, bosi 😄. Ila kwa gorofa uko sawa, bomba la pamoja si la mpangaji kuchokonoa.

Mpangaji, nikuongezee moja. Springi inanasa vitu laini: kitambaa, pedi, karatasi iliyoshikana. Kitu kigumu, mfano kipande cha sabuni, mswaki, kikopo cha mafuta, inaweza kukipita pembeni au kukisukumia mbele kikajibana zaidi. Hapo dawa ni kung'oa sinki la choo na kukitoa hicho kitu kwa nyuma. Vyoo vya bolti mbili ni kazi ndogo. Vingi vya kwetu vimekandikwa saruji chini, ukikilazimisha unanunua kingine. Kwa hiyo uliza watoto kwanza wameangusha nini.

mama_watatu:
Watoto ukiwauliza wote hawajui. Uliza kipi hakionekani.

Mpangaji_Kimara:
Nimerudi, wakuu. Springi sikununua, nimeikodi kwa fundi wa mtaa wa pili, ya kiwiko chenye mpira kama alivyosema wa Minnesota. Mara mbili za kwanza ilitoka tupu. Ya tatu ikawa nzito, nikazungusha bila kugeuza, nikavuta. Imetoka soksi ya shule ya chekechea, zamani ilikuwa nyeupe. Nimeflashi mara nne, inashuka kama mpya.

Mama watoto anasema soksi zilizopotea ni mbili.