Nimejifunza kutengeneza websaiti, nawauziaje wafanyabiashara wa hapa Moshi?

mwalimu_wa_zamu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, mshahara wetu mnaujua wenyewe na mkopo wa benki ndo unakula nusu yake. Likizo ya Disemba nilijifungia na laptopu nikajifunza WordPress (programu ya kutengenezea websaiti) kwa kuangalia YouTube usiku wa manane na bando la usiku, sasa hivi nashusha websaiti ya kurasa tano kwa wikendi mbili, ina fomu, ina kitufe cha WhatsApp, kwenye simu inafunguka safi kabisa.

Ishu ni wateja. Jumamosi mbili mfululizo nimezunguka kuanzia Double Road mpaka Mbuyuni, nimeingia duka la vifaa vya ujenzi, saluni, kwa fundi magrili, duka la nguo za watoto, wote wimbo mmoja, "mwalimu mimi nina Instagram inanitosha". Yule wa vifaa vya ujenzi hata kichwa hakuinua, alikuwa anapimia mtu misumari ya inchi nne, akasema we niachie kadi hapo. Kadi zenyewe sina.

Aliyeonyesha nia ni mmoja tu, mama mmoja ana gesti ya vyumba nane kule Rau, anapokea wazungu wa kujitolea na wapanda mlima. Nikamtajia laki tatu akacheka, "mwanangu kuna kijana kaniambia elfu themanini na logo juu". Nikashuka mpaka laki na nusu, ndo hivyo kasema atanipigia. Sasa nyie mnaofanya hii kazi kweli kweli, wateja mnawatoa wapi, mnatoza shilingi ngapi, na je nimfanyie huyo mama kwa hiyo themanini ili angalau nipate cha kuonyesha? Naomba kuwasilisha.

kobe_wa_kaloleni

Mwalimu maliza kwanza kusahihisha madaftari ya watoto wetu 😂 nakutania mkuu, nafuatilia uzi, na mimi nina mdogo wangu kamaliza chuo anashinda tu na laptopu.

fundi_wa_njiro

Mkuu nipo Arusha, nafanya hii kitu mwaka wa sita sasa, niliianza kama wewe jioni baada ya kazi. Ntaandika kirefu kidogo nivumilieni.

Kwanza umeanza na watu wasio wako. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mteja wake anapita na boda anaona mabati yamepangwa nje anasimama, hakuna mtu wa Majengo anayeingia Google kutafuta misumari. Saluni ni Instagram na status za WhatsApp, biashara imekwisha. Websaiti inamfaa mtu ambaye mteja wake yuko mbali, hamjui na anataka kumhakiki kabla hajatuma hela. Kwa huku kwetu hao ni gesti na lodji ndogo, kampuni za kupandisha watu mlima, shule za binafsi za bweni, wenye kumbi, mashamba ya kahawa yanayotembeza wageni. Kwa hiyo huyo mama wa Rau ndo mteja wako, wengine wote ulipoteza soli za viatu.

Sasa bei. Ukimtajia mtu laki tatu bila kumwambia zinamrudije ni lazima akuletee habari za kijana wa themanini. Muulize hivi, mama, wageni wanaokuja kupitia zile app kubwa za bukingi wanakukata ngapi? Komisheni huwa kama asilimia 15. Tuseme chumba ni 60,000 na mgeni kakaa siku tano, hiyo ni laki tatu, wamechukua 45,000 yako. Wageni kumi wa namna hiyo wakija moja kwa moja kwako ni 450,000. Hapo unamtajia bei yako hiyo hiyo 450,000 na hatacheka, na kama atacheka si kama mwanzo. Usimdanganye lakini kwamba ajitoe kwenye hizo app, abaki huko, ila mgeni wa pili na marafiki zake wampate kwa websaiti yake.

Mimi natoza kuanzia 400,000 hadi 800,000, nusu naichukua kabla sijagusa kitu. Halafu kila mwaka 200,000, humo ndani kuna domeni (jina la anwani ya websaiti), hostingi (kompyuta inakohifadhiwa websaiti mtandaoni), kubadilisha bei na picha, na bakapu (nakala ya akiba). Hiyo ya kila mwaka ndo mchongo wenyewe, wateja kumi na nne nilionao wananiingizia hela hata mwezi ambao sijapata kazi mpya. Domeni ya .co.tz mara ya mwisho nimelipia 30,000 na hostingi moja nawaweka wote. Angalieni tu hizo hosti za nje zinazotangaza bei ya kutupwa, mwaka wa kwanza ndo rahisi, wa pili inaruka mara tatu na wewe ulishamuahidi mteja bei ya mwanzo. Yalinikuta, nikalipa mfukoni mwangu kwa wateja watatu.

Na usitaje bei kwa dola hata kama jamaa ana kampuni ya safari, tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza kutoza huduma za humu ndani kwa fedha za kigeni. Andika shilingi tulia.

Kitu kingine ni msimu. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika, wenye kampuni za mlima wapo ofisini wanapiga miayo, muda wanao ila hela hawana. Kuanzia Juni hela wanayo ila hawapokei simu, wapo Machame getini wanagombana na mizigo. Mimi kazi naifanya Aprili, nusu ya pili wananilipa mwisho wa Julai, tunaandikishana kabisa.

Ah na usichukue maandishi anayokupa mteja ukabandika bila kusoma. Kuna mmoja alinipa maelezo ya njia ya Lemosho ya kupanda Kilimanjaro, katikati ya aya ya tatu limebaki jina la kampuni ya mtu mwingine alikonakili. Na picha ya "Kilimanjaro" aliyonitumia ina miti ya misonobari na nyumba za mbao zenye theluji, yaani Ulaya huko kabisa.

vyumba_sita_lushoto

Naomba nichangie kama mteja maana kila siku mafundi mnaongea nyie tu.

Nina vyumba sita vya wageni Lushoto, wengi wanakuja kutembea milimani. Kuna kijana alinitengenezea websaiti nzuri sana sikatai, nikamlipa yote. Kumbe domeni kaiandikisha kwa jina lake na imeili yake, paswedi zote anazo yeye. Miaka miwili mambo yako sawa, wa tatu kahamia sijui wapi, namba haipatikani. Domeni ikaisha muda bila mimi kujua, mgeni mmoja Mholanzi ndo alinipigia WhatsApp akaniuliza mama mmeanza kuchezesha kamari? Nafungua nakuta matangazo ya kamari kwa lugha nisiyoijua, na jina la gesti yangu liko pale pale juu. Kibao cha barabarani nilishaandika hiyo anwani, kadi nilishachapisha mia tano. Imebidi nianze upya na jina lingine na kibao nimekipaka rangi juu.

Kwa hiyo mwalimu ukienda kwa huyo mama mwambie neno moja tu, domeni itakuwa kwa jina lako mama na imeili yako, na ukae naye aione hiyo akaunti kwa macho yake. Mimi mtu angeniambia hivyo ningemlipa hata zaidi ya huyo wa themanini. Kuhusu bei kushuka, ukishanishukia kutoka laki tatu hadi laki na nusu papo hapo mimi naanza kujiuliza ile laki na nusu nyingine ilikuwa ya nini.

mzee_wa_pini

Mtanisamehe mimi nitaenda tofauti na fundi wa Njiro. Nusu ya hao wateja hawahitaji websaiti mwaka wa kwanza, wanahitaji kuonekana kwenye ramani ya Google, na ile ni bure. Nenda Rau tafuta hiyo gesti kwenye simu, nakuhakikishia ama haipo, ama ipo na pini (ile alama ya mahali) imekaa kwenye migomba ya jirani. Hapa kwetu kuna lodji ilikuwa pini yake iko ng'ambo ya mto, madereva wa teksi wanafika kwenye maji wanapiga simu "mama tumefika mbona hatuoni geti".

Anza na hicho, toza hata 50,000. Google siku hizi mara nyingi wanataka video ya kuthibitisha, unarekodi bila kukata, unaanzia barabarani kibao kionekane, unaingia getini, mwenye mali anafungua ofisi kwa ufunguo wake. Mama akirekodi na wewe mmeshakuwa marafiki. Baada ya mwezi anaona simu zinaita, hapo ndo unamletea habari za websaiti na yeye mwenyewe ndo atauliza.

fundi_wa_njiro

@mzee_wa_pini hapo sibishi, mimi nayaweka kwenye furushi moja tu. Ila 50,000 kwa kwenda na kurudi na kubembeleza watu waandike riviu ni kidogo mno mzee.

mpwani_wa_malindi

Nami niseme langu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya, Malindi na Watamu, wenye nyumba za wageni wengi wageni wao ni Wataliano. Kuna kaka yangu hufanya kazi hii, alijua websaiti ya Kiingereza kila mtu anayo, akatafuta dada anayejua Kitaliano sawasawa amuandikie kurasa mbili tu, bei na namna ya kufika kutoka uwanja wa ndege. Wenye nyumba wakaanza kumtafuta wao. Sasa mwalimu muulize huyo mama wageni wake hutoka wapi, usikae ukibahatisha. Lakini usitumie tafsiri ya mashine ukaiacha vile vile, wallahi utachekwa.

mwalimu_wa_zamu

Wakuu nimerudi kuleta mrejesho, samahanini kulikuwa na mitihani.

Nimefuata ya mzee wa pini. Nikatafuta gesti ya mama kwenye ramani, ipo ila pini imetua nyuma ya kanisa nusu kilomita kutoka kwake na namba ya simu ni ya laini aliyoipoteza zamani. Nikaenda nikamuonyesha kwenye simu yake mwenyewe, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, akavaa miwani akaangalia kimya halafu akasema "ndo maana". Video tumerekodi mara tatu, ya kwanza mbwa aliharibu, ya pili mama alisahau funguo ndani.

Nikampigia hesabu ya komisheni, kumbe yeye kila mwezi analipa na alikuwa hajawahi kujumlisha. Tumekubaliana 350,000, nusu kanipa, na 150,000 kwa mwaka. Najua ni chini ya ya fundi ila ndo wa kwanza. Domeni tumeandikisha kwa jina lake, paswedi kaandika kwenye daftari la wageni ukurasa wa mwisho, nimemwambia mama hilo daftari kila mgeni analisaini, akalichana hilo karatasi akaliweka kwenye Biblia.

Kosa langu moja nililisahihisha jana, linki ya WhatsApp niliandika 2550, yaani ile sifuri ya mwanzo wa namba sikuitoa, siku nne kitufe kilikuwa hakiendi popote. Mnaoanza andikeni 255 halafu namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Na picha zake alizonitumia zilikuwa 28, kila moja MB tano, ukurasa ukifunguka kwa simu yake unaona kitanda kinashuka mstari kwa mstari, nimezipunguza zote zikawa chini ya KB 200.

Zile picha lakini ni za giza, shuka za njano zinaonekana kahawia. Jumamosi asubuhi naenda kupiga upya. Kuna mtu hapa Moshi ana tripodi ya kuazima?

kobe_wa_kaloleni

Ninayo mwalimu na Ijumaa nakuja huko Moshi, ila mguu mmoja nimeufunga na mpira wa baiskeli.

mwalimu_wa_zamu

Lete hivyo hivyo.